Mwongozo Kamili kwa Mkimbiaji wa Mwendo wa Pole Anayejiandaa kwa Nusu Marathoni

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa aina moja tu: yule anayetoka nyumbani kwake Chumbageni au Makorora, mjini Tanga, kabla hakujapambazuka, akashika njia ya Raskazone kwa mwendo anaouona kuwa wa kasi, kisha akapitwa na mchuuzi wa baiskeli ambaye hata haraka hana. Kilomita moja humchukua dakika nane, tisa au kumi. Kwa hesabu hiyo, nusu marathoni, yaani kilomita 21.1, itamchukua saa 2 na dakika 49 akienda kwa dakika nane, saa 3 na dakika 10 akienda kwa dakika tisa, na saa 3 na dakika 31 akienda kwa dakika kumi. Wanaume wanaoshinda mbio hizo hutumia takriban saa moja. Maana yake ni kwamba mkimbiaji wa pole hukaa barabarani mara tatu ya mshindi, tena katika sehemu ya asubuhi ambayo jua limekwisha kuwa kali, na bado watu humwona kuwa ndiye aliyefanya kazi ndogo.

Nimekuwa mkimbiaji wa namna hiyo kwa miaka kadhaa, na nimeona wenzangu wengi wakiacha. Wachache wao waliumia. Waliobaki waliacha kati ya wiki ya sita na ya kumi, wakati ugeni wa jambo umekwisha na saa ya mkononi bado inaonyesha dakika zilezile za siku ya kwanza. Waliambiwa "polepole ndio mwendo", wakashukuru, wakaacha. Maneno ya kumliwaza mtu hayamfikishi kilomita ya kumi na tano. Kinachomfikisha ni kuwa na kipimo ambacho kwa kweli kinaweza kukua katika mwili wake yeye, na hatua nyingi zitakazofuata zinahusu jinsi ya kukipata kipimo hicho na kukilinda.

Hatua ya kwanza: ulizia muda wa ukomo kabla ya kulipa ada

Kabla ya kujiandikisha, waulize waandaaji mambo matatu: mbio zinaanza saa ngapi, barabara inafunguliwa kwa magari saa ngapi, na vituo vya maji vitaendelea kuwepo hadi lini. Mimi niliwahi kushiriki mbio fulani, ambazo sitazitaja, nikakuta meza ya maji ya kilomita ya kumi na sita imekwisha kukunjwa na vijana wa kituo wameketi juu ya makreti matupu. Sikuwa nje ya muda uliotangazwa. Tangu siku hiyo sikimbii umbali mrefu bila chupa yangu mwenyewe, na swali la vituo huliuliza kwa maandishi.

Angalia pia kalenda na mahali. Mbio za Kilimanjaro, ambazo watu wengi wa Tanga huzitamani, hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na hivyo wiki zako ngumu za mazoezi zitaangukia Januari na Februari, katikati ya joto la kaskazi. Moshi iko mamia ya mita juu ya usawa wa bahari, na njia ya nusu marathoni hupanda kuelekea Mweka, ilhali Tanga mjini ni tambarare. Anayechagua mbio hizo apange angalau Jumapili nne za kwenda kukimbia penye miinuko, kwa mfano katika barabara ya kutoka Muheza kuelekea Amani, la sivyo kilima kitamfundisha asichotaka kujifunza siku ya mashindano.

Hatua ya pili: tafuta mwendo wako kwa kipimo cha mchakamchaka

Kila aliyesoma shule ya msingi nchini anaujua mchakamchaka: mmoja anaimba, wengine wanaitikia, miguu inafuata. Tulidhani ni nidhamu tu, kumbe tulikuwa na kipimo cha pumzi ambacho wakimbiaji wa kwingine hununua saa ya bei kubwa ili wakipate. Kama unakimbia na bado unaweza kuitikia kiitikio kizima bila kukatika, uko katika mwendo wa mazoezi. Ikiwa unaitikia neno la kwanza na la mwisho tu, umezidisha, na unapaswa kupunguza kasi hata kama kufanya hivyo kutakuacha nyuma ya kila mtu.

Sababu yake ni ya kimwili. Katika mwendo mwepesi moyo hujizoeza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli, na misuli hujifunza kutumia mafuta ya mwili badala ya kumaliza mapema akiba yake ya wanga. Mabadiliko hayo huhitaji muda mrefu wa kazi nyepesi inayorudiwa. Mtu anayejikaza kila siku ili asionekane mzembe huchoka kabla hajakusanya muda huo, kisha hudhani hana kipaji. Zaidi ya hayo, kano na mifupa huzoea mzigo taratibu kuliko mapafu, na ndiyo maana watu wengi huumia wakati wanapoanza kujisikia vizuri.

Hatua ya tatu: fungua daftari, na usiandike kasi

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Chukua daftari la kawaida la shule na upige safu tano: tarehe, dakika ulizokuwa barabarani, njia uliyopita, hali ya hewa, na neno moja kuhusu pumzi, yaani kama uliimba, ulizungumza au ulihema. Kwa wiki nane za mwanzo usiandike kilomita wala kasi. Kama una programu ya simu inayokutangazia kila kilomita kwa sauti, izime sauti hiyo.

Kasi ya siku moja huathiriwa na usingizi, chakula, unyevu wa hewa, upepo na hata ugomvi wa jana nyumbani. Ukiifanya kuwa hakimu wa kila asubuhi, itakuhukumu vibaya mara nne kwa wiki kwa makosa ambayo si yako. Dakika hazifanyi hivyo. Mtu aliyekuwa na dakika 90 kwa wiki mwezi Oktoba, na akawa na dakika 220 mwezi Desemba, ana jambo halisi limeongezeka, na anaweza kuliona kwa macho akifunua kurasa.

Hata hivyo, kukaa bila kujua kama unaendelea nako hukatisha tamaa. Kwa hiyo kila baada ya wiki nne fanya jaribio moja. Chagua njia ileile, siku ileile ya wiki na saa ileile ya alfajiri, kisha kimbia dakika arobaini kwa mwendo wa kuitikia kiitikio na uweke alama mahali ulipofikia. Mimi nilianza na lango la nyumba moja nyeupe, mwezi uliofuata nikafika kwenye mkungu ulioko mbele yake, na baadaye nikafika mahali ambapo bahari inaonekana. Ukipita alama ya zamani kwa pumzi ileile, mwili umebadilika. Usipoipita, angalia safu ya hali ya hewa kabla hujajilaumu.

Hatua ya nne: panga wiki kumi na sita kwa dakika

Ratiba nyingi zinazosambazwa kwenye simu zimetungwa kwa ajili ya watu wenye kasi, na humtaka kila mtu akimbie kilomita 18 au 20 siku ya Jumapili. Mtu wa dakika tano kwa kilomita humaliza kilomita 20 kwa saa 1 na dakika 40, akaenda kunywa chai. Kwa mtu wa dakika kumi, kilomita hizohizo ni saa 3 na dakika 20 za kugonga lami, na atahitaji siku nyingi ili apone. Si kazi moja kabisa, ingawa imeandikwa kwa namba ileile. Ndiyo maana mkimbiaji wa pole hupanga kwa dakika.

Siku tatu za kukimbia kwa wiki zinatosha, pamoja na siku moja ya kutembea kwa haraka kwa muda wa saa moja. Siku mbili za katikati ya wiki ziwe za dakika 30 hadi 50. Siku ndefu, ambayo kwa wengi ni Jumapili, ipande hivi: wiki nne za mwanzo dakika 50, 60, 70, kisha irudi 50, wiki nne za pili 75, 85, 95, kisha 65, wiki nne za tatu 105, 120, 130, kisha 80, na wiki nne za mwisho 145, 160, 90, kisha mbio zenyewe. Wiki ya kushuka si zawadi ya mvivu. Ndiyo wiki ambayo mwili hujenga kile ulichouomba ujenge, na wanaoiruka ndio ninaowakuta wamekaa kando ya barabara wakikanda muundi wa mguu.

Huhitaji kufika kilomita 21 katika mazoezi. Dakika 160 kwa mwendo wa dakika tisa ni karibu kilomita 18, na hizo tatu zilizobaki zitabebwa na pumziko la wiki mbili za mwisho.

Hatua ya tano: tembea kabla hujachoka

Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya 1972, ndiye aliyeeneza sana utaratibu wa kuchanganya kukimbia na kutembea kwa mpango maalumu. Siri yake imo katika neno mpango. Ukitembea kwa sababu umeshindwa, utatembea kwa aibu na utachelewa kuanza tena. Ukikimbia dakika nne na kutembea moja tangu mwanzo kabisa, wakati bado una nguvu, misuli hupata nafuu kabla haijachoka na kilomita za mwisho huwa nyepesi kwa namna ambayo mtu haamini mpaka aijaribu.

Kwa asiyependa kutazama saa kila mara, nguzo za umeme zinatosha: kimbia nguzo kumi, tembea mbili. Tatizo kubwa la hatua hii ni macho ya watu. Wengi hukimbia mbele za watu na kutembea vichochoroni, na hivyo hufuata ratiba ya majirani badala ya yao. Tembea hadharani, kifua mbele, hatua za haraka.

Hatua ya sita: ihesabu hali ya hewa ya pwani

Tangu Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, Tanga huwa na joto pamoja na unyevu mwingi. Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi, na hewa iliyojaa unyevu hulizuia lisikauke, kwa hiyo moyo hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili kutoa joto na misuli hubaki na kidogo. Mwendo uleule wa Julai, wakati wa kusi, utakuwa mgumu zaidi mwezi Januari bila wewe kupungukiwa na chochote. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua jambo hili. Niliona alama zangu zinarudi nyuma wiki baada ya wiki, nikaamini kuwa nimezeeka ghafla, na karibu nigawe raba zangu.

Basi miezi hiyo toka saa kumi na moja alfajiri ili siku ndefu iwe imekwisha kabla jua halijapanda sana, vaa nguo nyepesi, na ukubali kupunguza mwendo huku dakika zikibaki zilezile. Anayepanga mbio za kipindi hicho ajue kwamba mwili huzoea joto kwa kiasi kizuri baada ya siku kumi hadi kumi na nne za kufanya mazoezi ndani yake, kwa hiyo asilikwepe joto hilo kabisa.

Kuhusu maji, kunywa kwa kufuata kiu. Watu huogopa upungufu wa maji pekee, na wana sababu, lakini mkimbiaji wa pole ana hatari nyingine ambayo mwenye kasi hana: ana muda wa kunywa vikombe vingi katika kila kituo, na maji yakizidi mno huipunguza chumvi iliyomo katika damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba na mtu kuanza kuchanganyikiwa, na aliyefikia hapo anahitaji daktari, wala asiongezewe chupa nyingine. Katika safari inayozidi dakika 90, changanya maji na kitu chenye chumvi na sukari, na ule kidogo kidogo njiani, iwe ndizi au tende.

Mwezi wa Ramadhani una hesabu yake. Wengi wetu hukimbia nusu saa ya mwisho kabla ya futari, au baada ya tarawehe, na siku ndefu husimamishwa mahali ilipofika bila kuongezwa. Mwezi huo ni wa kulinda ulichonacho. Ratiba ihesabiwe mapema ili usiangukie wiki za 145 na 160.

Hatua ya saba: chagua njia na watu

Njia ya Raskazone ina miti na upepo wa bahari, nayo hufaa siku za katikati ya wiki. Siku ndefu inahitaji mahali pa kwenda. Barabara ya Pangani kuelekea Tongoni, yalipo magofu ya msikiti na makaburi ya kale, hufaa kwa sababu mtu huona kwamba amesafiri, na upande wa kaskazini upo uelekeo wa mapango ya Amboni. Katika barabara zenye malori kimbia upande wa kulia, ukiyatazama magari yanayokuja, na vaa fulana nyeupe au yenye kung'aa kama bado ni giza.

Utaulizwa unakimbizwa na nani. Watoto watakufuata hatua hamsini na kukushinda zote hamsini. Jibu salamu, cheka, endelea. Baada ya miezi mitatu walewale wa kijiweni watakuuliza juzi ulikuwa wapi mbona hukupita, na swali hilo litakutoa kitandani kuliko kengele ya simu. Dada zetu hupata maneno makali zaidi kuliko haya, na sioni busara ya kuwaambia wayapuuze tu. Wakimbie wawili au watatu, wabadilishe njia na saa, na asiyetaka bukta ajue kwamba suruali pana nyepesi na mtandio uliofungwa vizuri havimzuii mtu kumaliza nusu marathoni.

Vikundi vya jogingi ni vizuri, ila vina hila yake: kundi huanza pamoja na baada ya dakika kumi wa pole yuko peke yake, tena sasa akiwa na aibu. Dawa yake ni kugeuka kwa saa. Wote mnaondoka mahali pamoja, kila mmoja kwa mwendo wake, na mnakubaliana kwamba dakika ya arobaini ikifika kila mtu ageuke popote alipo. Mwenye kasi atakuwa amefika mbali, wa pole atakuwa karibu, na katika kurudi wote mtafika mlipoanzia kwa pamoja. Hakuna anayesubiriwa. Nimeuona utaratibu huu ukiwarudisha barabarani watu waliokuwa wameapa kutokimbia na kundi tena, kwa kuwa kwa mara ya kwanza walikunywa chai na wenzao badala ya kuikuta imepoa.

Kwa vifaa sitasema mengi. Raba ziwe na nafasi ya upana wa kidole mbele ya dole gumba, hata kama ni za mtumba, mradi soli haijalika upande mmoja. Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na penye mishono ya nguo, kwa maana saa tatu za jasho la chumvi hazimsamehi mtu.

Hatua ya nane: siku ambayo moyo unakataa

Siku hiyo itafika, na ni vizuri kuwa na kanuni iliyoandikwa mapema ili usijadiliane na nafsi saa kumi na nusu usiku. Kanuni yangu ni dakika kumi: navaa, natoka, nakimbia dakika kumi, na baada ya hapo nina ruhusa kamili ya kurudi. Mara nyingi sirudi. Nikirudi, naandika kumi kwenye daftari, nazo ni kumi.

Lakini tofautisha uvivu na mambo mengine mawili. Uchovu wa kweli huonekana katika mapigo ya moyo ya asubuhi yaliyopanda kuliko kawaida yako, usingizi mbaya na hasira zisizo na sababu. Huo unahitaji siku mbili tatu za kupumzika. Jeraha huonekana kwa maumivu yanayokaa mahali pamoja, yanayozidi kadiri unavyokimbia au yanayokufanya uchechemee. Maumivu ya namna hiyo kwenye mfupa wa muundi yapelekwe hospitali. Mwenye shinikizo la damu au kisukari, au aliyevuka miaka arobaini bila mazoezi, apime afya kabla ya wiki ya kwanza, na maumivu ya kifua hayana kanuni ya dakika kumi.

Siku iliyokosekana imekosekana. Usiilipe kwa kuzidisha kesho yake. Ukikosa wiki nzima, rudia wiki iliyotangulia; ukikosa wiki tatu, rudi nyuma wiki nne. Katika kila mwezi wa Januari barabara hujaa watu wa waja leo waondoka leo, na wengi wao huondoka kwa sababu walijaribu kulipa madeni yote siku moja.

Hatua ya tisa: siku ya mbio

Simama nyuma kabisa, usisukumwe na wimbi la mwanzo, na dakika yako ya kwanza ya kutembea ikifika, tembea kama ulivyozoea ingawa kila mtu atakupita. Igawe njia katika vipande vinne vya kilomita tano na kidogo, na katika kipande cha kwanza uwe na uwezo wa kuimba. Kuanzia kilomita ya kumi na mbili utaanza kuwapita watu walioondoka kwa fujo. Wape pole, usijisahau ukaongeza mwendo.

Utafika mahali ambapo mbio zimekwisha kwa wengine wote na wewe bado umo. Watanzania tuna mtu wa kumkumbuka hapo. John Stephen Akhwari aliumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaendelea akiwa amefungwa bendeji, na akaingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Niseme ukweli: muda wake ulikuwa 3:25:27, yaani chini ya dakika tano kwa kilomita akiwa majeruhi, na mimi sitaufikia nikiwa mzima. Simkumbuki kama mwenzangu wa mwendo. Namkumbuka kwa sababu aliendelea kufanya kazi aliyotumwa baada ya watazamaji wengi kuwa wamekwisha kuondoka, na hali hiyo ndiyo tutakayoikuta.

Kwa hiyo panga mapema ni nani atakayekupokea, na umwambie asikusubiri kwenye utepe, ambako huenda wakati huo wanafungua mahema na kupakia viti. Asimame kilomita mbili kabla, akiwa na chupa yako ya akiba, kanga kavu na machungwa mawili ya Muheza yaliyokwisha kumenywa, na mjue saa kamili ya kukutarajia, ambayo utaisoma kutoka kwenye daftari lako la dakika.